Usafi wa Binti Ippolita

Siku Bwana Vitale, tajiri wa hariri, alipotaka picha ya bintiye ipelekwe kwa mchumba huko Modena, Taddeo mchoraji alikuwa kwenye kiti changu cha kinyozi, nusu ya ndevu zimenyolewa. Aliposikia habari, aliinuka hivyo hivyo akaenda. Hajanilipa mpaka leo.

Taddeo alichora nyuso tu. Miili alikuwa nayo tayari, ameitundika ukutani ikisubiri vichwa. Alichouza hasa ni sifa: mbwa mapajani, maana yake mke mwaminifu, kicheche mweupe, maana yake mwanamwali, lulu, maana yake usafi, kila sifa na bei yake. Na msicheke. Mke wangu, pichani sebuleni, amempakata mbwa wa uaminifu niliyemlipia mimi, na kwetu hatujawahi kufuga hata kuku.

"Bwana Vitale," Taddeo alimwambia tajiri, "mkweo mtarajiwa ni wakili. Ataisoma picha kama hati. Asipoona lulu atauliza, huyu binti vipi?"

"Lulu za marehemu mama yake zipo. Ndizo anazokwenda nazo kwa mume."

"Basi avae hizo hizo. Usafi haubuniwi."

Mzee akaamini. Hata mimi ningeamini. Kumbe Taddeo alikuwa na mkufu wa lulu za kioo mfukoni, ukishindana na ule wa kweli kwa kila kitu isipokuwa ukweli.

Ippolita alikaa mbele yake wiki tatu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Wakili alikuwa na sitini na minne na jino moja. Binti alishasema waziwazi hamtaki, lakini nani alimuuliza? Siku ya mwisho akashika shingo.

"Fundi, zinanikwaruza. Nikizivua utakasirika?"

"Vua tu, mwanangu. Hizo nimeshazimaliza."

"Basi nikanywe maji. Nitachelewa kidogo."

Taddeo hakuomba zaidi. Alibadilisha mikufu, akaaga kwa heshima zote, akaenda kujificha shambani mpaka kelele zipoe. Na kelele zilikuwepo. Vitale aligundua ameachiwa kioo, wakili akavunja uchumba kwa barua ya mistari miwili, na Ippolita akalia hata mtaa mzima ukalia naye. Mimi nilimpelekea jibini ya pole, jibini nzima. Baba akamruhusu aende Venisi kwa shangazi yake, akapoze moyo.

Baada ya mwezi, Taddeo aliingia Ferrara kwa shemeji yangu, sonara. Shemeji akaing'ata lulu moja, akaitema.

"Kioo."

"Kioo vipi? Nimezitoa kwa binti wa Vitale mwenyewe, zina joto la shingo."

"Za mama yake ninazo kabatini. Kaniuzia mwenyewe wiki iliyopita, akipita kwenda Venisi. Wewe si ndiye mchoraji? Umezikodolea macho wiki tatu nzima, hukuona?"

Taddeo akatafuta kigoda, akakaa.

"Mimi nilikuwa nachora usafi, mzee," akasema. "Lulu sikuzitazama."