Chungu cha Shangazi Khampun Kilivyosusa

Jumatatu, 4 Novemba

Baba Mtawa katangaza leo hekaluni, baada ya watawa kula. Wageni wa mjini wanakuja Jumamosi, mabasi mawili madogo. Watasali, watatazama michoro ya ukutani, kisha watapelekwa nyumba moja kijijini kuona nguo zikitiwa nili. Nyumba moja tu! Wazee wa hekalu watapita Ijumaa kukagua vyungu vya rangi.

Mwaka jana walikwenda kwa jirani yangu, Shangazi Khampun. Picha yake imetundikwa katika ukumbi wa hekalu. Mimi nilipewa kazi ya kupanga viatu mlangoni. Wanawake wawili walirudi mjini na ndala zisizolingana. Mwaka huu ni mimi. Kibao nimeshakichora: NILI YA ASILI KWA BUNLERT.

Kasoro moja. Chungu changu kimekufa: nili imeacha kuchacha. Cha nne mwaka huu. Nilikinunua kipya kijiji cha wafinyanzi, ng'ambo ya mto, nikakilisha kwa vipimo: chokaa vijiko vitatu, maji ya majivu makopo mawili, ukwaju asubuhi na jioni. Yote nimeandika. Kinanuka soksi. Shangazi alikuwa anakoroga chake. Akachungulia juu ya ua, akaniuliza mazishi ni lini, alete maua. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Nimetikisa vijiti vya bahati mbele ya sanamu ya hekaluni. Vinne vya kwanza vilikuwa na maneno mabaya. Cha tano kizuri. Nahesabu cha tano.

Jumanne, 5 Novemba

Mke wangu Lamyai anasema nikaombe kata moja ya nili ya Shangazi, niamshie changu. Chungu chake alikianza marehemu mama yake, na hakijawahi kuachwa kikauke. Humpa yeyote anayeomba. Angenipa na mimi. Hapo ndipo ugumu. Kuomba ni kukiri kwamba changu kimekufa, na yeye atacheka tena.

Njia nyingine ipo. Kila siku saa tano Shangazi huenda kupika hekaluni. Leo nilipita pengo la ua saa tano na dakika kumi. Nikachota makopo mawili. Ili asione kimepungua, nikarudishia makopo mawili kutoka changu. Kwa juu rangi ni ileile. Nikafunika kama nilivyokuta. Hata nilikisalimia chungu, viganja pamoja, kama afanyavyo yeye. Dakika sita, kwenda na kurudi.

Nadhani ni kazi safi. Sijui kwa nini sikuweza kula.

Jumatano, 6 Novemba

Kimeamka! Povu la zambarau, linang'aa kama shingo ya njiwa. Nilichovya leso, ikatoka kijani, ikageuka buluu mkononi mwangu. Nimemwita Lamyai aone. Akaona. Akaniuliza nimefanyaje. Nikasema vipimo.

Ng'ambo ya ua kimya. Hakuna kucheka, hakuna sauti ya kitanda cha kufumia. Imeanza kuja harufu. Naijua harufu hiyo. Ni yangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Siku mbaya kuliko zote.

Chungu cha Shangazi kimesusa. Alikipa birimbi chachu, akakipa pombe ya mchele, akakifunga skafu mpya shingoni. Akakaa nacho tangu asubuhi, akikibembeleza kama mgonjwa. Nilimwona kwenye tundu la ua. Ningeweza kusema pale pale. Nilirudi ndani kunyoosha kibao changu.

Saa kumi alikuja kwetu, majirani nyuma yake. Kabeba sinia la maua na mishumaa miwili. Mwanamke wa miaka sitini na minane! Akapiga magoti mbele yangu.

"Bunlert mwanangu," akasema, "nilikucheka mbele ya chungu cha mama, naye amesikia. Ameudhika. Nisamehe wewe, labda naye atanisamehe."

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, nayajua, ni machache tu. Yaliyotoka ni: "Nimekusamehe, Shangazi."

Nimekusamehe! Mimi!

Akanishukuru. Lamyai alinitazama, kisha akalitazama kopo la kupimia. Usiku amenipakulia wali na kugeukia ukuta.

Ijumaa, 8 Novemba

Wazee walikuja na Baba Mtawa. Changu ndicho chungu kizima cha pekee mtaa huu. Wakasema basi, wageni waje kwangu. Nilingoja furaha. Haikuja.

Baba Mtawa akaomba Shangazi Khampun aonje kwanza, maana ndiye fundi. Akachovya kidole, akakiweka ulimini. Akafumba macho.

"Mzima," akasema. "Ana ladha ya birimbi."

Nikaharakisha kueleza kwamba mimi natumia ukwaju peke yake, na daftari ninalo.

"Najua," akasema. "Wewe huna mbirimbi."

Mbirimbi ni mmoja kijijini. Uko uani kwake. Mama yake aliupanda.

Wazee hawakuelewa. Baba Mtawa alielewa, nadhani, kwa sababu aliinua uso akawa anahesabu vigae vya paa langu. Shangazi aliniomba tu kata mbili, aanze upya. "Nipimie wewe. Unajua kupima."

Nikapima, nikamwaga nusu.

Jumamosi, 9 Novemba

Alfajiri niling'oa kibao. Mimi na Lamyai tukakibeba chungu changu na vyote vilivyomo, tukapita pengo la ua. Nikamweleza Shangazi yote, hata zile dakika sita. Alisikiliza akimenya papai. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Akasema mimi na yeye tumemalizana. Aliyebaki ni chungu cha mama yake. "Yeye ndiye uliyemlisha uchafu. Kamwombe."

Kwa hiyo wageni, walioelekezwa huko na Lamyai, walipoingia uani kwa Shangazi walinikuta nimepiga magoti mbele ya chungu, na sinia la maua, nikikiambia kwamba mimi ni mwizi. Wakadhani ni mila ya kijiji! Wakavua viatu, wakanyamaza, wakapiga picha. Bibi mmoja wa mjini alichelewa, akaomba nirudie. Nilirudia. Wa basi la pili nao wakafika. Mara tatu nimejiita mwizi leo, ya tatu kwa sauti, ili wa nyuma wasikie.

Baadaye nikapanga viatu. Jozi thelathini na moja. Zote zimelingana.

Mchana povu lilianza kupanda. Shangazi akakipapasa chungu ubavuni. Nikaenda nyuma ya banda nikalia kidogo.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeona haya wiki nzima. Nimeapa mbele ya sanamu: sitagusa tena cha mtu.

Baba Mtawa anasema wageni walivutiwa sana. Nili wameipenda, ila wanachokizungumzia ni yule mwanamume aliyekuwa akitubu. Picha yangu itatundikwa ukumbini, kando ya ile ya Shangazi! Na kundi jingine linakuja Desemba. Wameuliza kama nitakuwepo.

Nitakuwepo. Nimetafakari kwa makini. Kutubu bila kosa ni unafiki, na mbele ya chungu kama kile haifai kabisa. Lazima pawe na kosa. Dogo tu. Kata moja, wala si makopo mawili, na safari hii nitarudishia maji safi.

Shangazi bado huenda hekaluni saa tano. Nimeandika.