Joka Nililoliua Mbele ya Mutwiri

Jameni, leo nimejiaibisha, na sina wa kulaumu.

Mnamjua Mutwiri, yule kijana kutoka Kiirua anayeuza mbegu za viazi? Juzi alinialika tuone filamu ya katuni hapa Embu mjini, kwenye ukumbi wa kanisa. Ni riwaya ya majoka iliyogeuzwa filamu. Akaniuliza, "Kitabu chake umesoma?"

"Kitambo sana!" (Sijawahi hata kukishika.)

Basi leo mchana tukaketi, njugu mkononi. Filamu si mbaya. Si nzuri pia. Milima imechorwa hadi ukaipenda, lakini binti mwenye joka anaongea utadhani anasoma matangazo ya kanisa. Ningenyamaza tu hapo. Lakini nilitaka Mutwiri aone mimi ni msomi.

"Kwenye kitabu hii sehemu ni tamu zaidi," nikamnong'oneza.

"Kweli?"

"Wacha tu!"

Nikawa nasahihisha filamu mwanzo hadi mwisho. (Ulimi huu utanimaliza.) Ilipoisha, mama aliyeandaa onyesho, mwalimu mstaafu, akauliza nani amesoma kitabu. Mutwiri akanyanyua mkono wangu. Wangu! Tena kwa fahari!

Nikapewa maikrofoni. "Filamu ni ya wastani," nikasema. "Halafu wameharibu mwisho. Kwenye kitabu joka linakufa, binti anabaki akilia."

Yule mama akavua miwani.

"Mwanangu, kwenye kitabu joka ndilo linalosimulia hadithi yote, kutoka ukurasa wa kwanza. Sasa likifa, tunasimuliwa na nani?"

Wuueh! Ukumbi ulilipuka. Kuna mzee alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongo. Nikaketi, shingo imeingia ndani kama ya kobe.

Tulipotoka nje sikuweza kumwangalia Mutwiri. Nikamwambia ukweli, macho chini. Akacheka hadi akafuta machozi.

"Hata mimi sijakisoma," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu usiniulize maswali."

"Wewe!"

"Ngoja hapa."

Akarudi ndani, akatoka na kitabu cha yule mama, amekiazima. Jumamosi ijayo anakuja kwetu Manyatta tuanze sura ya kwanza. (Mama yangu atakuwa jikoni, masikio wazi.) Nimefika nyumbani natabasamu peke yangu, na aibu iko palepale.

Sasa, nyinyi mnaoimba nami kwenye kwaya: kesho mkiniona naingia kanisani, tafadhali, imbeni tu.