Nilibonyeza Oui

Jumatatu, 6 Oktoba

Keza amepiga mashine ya kwaya makofi, mikono yote miwili, kama mtu anayekaribisha wageni. Uji bado uko kwenye vidole. Nimemfuta, nimembusu, nikaona dirisha limefunguka kwenye kioo. Mtoto wangu atakuwa injinia.

Kompyuta si yetu. Ni ya Mwalimu Bahizi, kiongozi wa kwaya, ambaye yuko Kanama anamsaidia mama yake kuchimba viazi. Ameniachia mimi, juu nilisoma kuchapa kidogo, nichape maneno ya wimbo mpya wa Jumapili. Noti ziko humu, na sauti pia, alizojirekodi kwa mdomo wake mwenyewe. Ile ya solo ameipa jina la mwanakwaya atakayeiimba: Verediane.

Verediane! Alikulia Karagwe, Kiswahili chake kimepigwa pasi, na sauti yake vilevile. Mi namwimbia Keza tangu azaliwe, sauti yangu iko na mazoezi kuliko ya mtu yeyote Gisenyi. Mpango ni mdogo: kufuta jina moja, kuweka lingine. Nani atakumbuka?

Na dirisha la Keza linauliza lenyewe: Formater la partition? Partition, mwanakwaya yeyote anajua, ni noti za wimbo. Formater ni kuzipa forme, kuzipanga upya. Yaani mashine imesoma moyo wangu! Chini kuna sentensi ndefu ya Kifaransa. Labda ni salamu. Nimebonyeza Oui, ndiyo.

Jumatatu tena, baada ya kula

Hakuna wimbo. Hakuna noti. Hakuna Verediane, sawa, lakini hakuna hata Mwalimu Bahizi. Pale anapoweka nyimbo zote ni patupu, pamefagiliwa. Wimbo usiporudi, Jumapili kwaya itasimama mbele ya watu na kufungua midomo kama samaki sambaza kwenye beseni. Na mi nitatolewa kwenye kwaya.

Jumanne, 7 Oktoba

Akili imekuja! Simu ya Narcisse ilipoanguka ziwani, tuliiweka kwenye mchele ikapona. Nimeizika kompyuta kwenye mfuko wa mchele, waya umebaki nje. Narcisse, baba Keza, ameuliza kwa nini mchele una mkia. Nimesema ni aina mpya. Ni mume mwema, hakuuliza tena. Wakati wa kula ameng'ata kitufe cha herufi Z. Ameitoa mdomoni, ameiangalia, ameiweka pembeni ya sahani kama mwiba wa samaki.

Mashine haijapona.

Verediane amepita, anataka kusikia solo yake. Nimemwambia mashine imelala.

“Mama Keza mwenzangu, mashine hailali. Huzimwa.”

Ameondoka akiimba. Makusudi.

Jumatano, 8 Oktoba

Keza mgongoni, kompyuta tumboni, mpaka kwa Kadiri, fundi karibu na Petite Barrière, pale mpakani akina mama wa Goma wanapovuka na mabeseni. Kadiri ni wa Goma pia, na anacheka kwanza, anatengeneza baadaye. Nimemweleza habari ya noti. Amecheka mpaka ameweka bisibisi chini.

“Mama, hiyo partition haiko ya kwaya. Ni chumba ya mashine. We umetoa namba kwa milango yote. Batu wako ndani bado, ila hakuna mutu anajua nyumba ya nani.”

Wako ndani! Wako hai! Ningembusu, kama singekuwa mke wa mtu. Nafasi hana mpaka Ijumaa. Amesema mpaka siku hiyo nisiandike kitu, hata kidogo, juu kitu kipya kitaingia kwenye nyumba ya wale wa zamani na kuwafukuza. Amesema pia formater ana pacha, neno lingine la kufuta, nimwogope vilevile. Ametaja na jina lake, lakini Keza alikuwa analilia bisibisi. Sikusikia. Nitamuuliza siku nyingine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kadiri amekataza kuandika. Siandiki.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kumbe alisema kwenye mashine! Jana nimekaa kimya siku nzima, maneno yakanijaa mpaka kooni, bure. Na kwenye mashine sikuandika hata herufi moja. Nilimwekea Keza katuni ya bata tu, pale palipokuwa patupu, juu anaota meno na anateseka. Katuni si kuandika. Ni kuangalia. Kadiri ameshika kichwa. Leo hakucheka.

“Mama, umepangisha bata kwa nyumba ya batu.”

Bon, haya. Ameweka programu yake, ikachimba polepole kama mama yake Bahizi, na nyimbo zikaanza kutoka, moja moja, na wa solo pia. Amezihamishia kwenye diski ndogo ya nje. Amesema nyimbo ziko humo tu, hakuna pengine, niishike kama ninavyomshika Keza. Zimerudi na namba, bila majina.

Bila majina! Nimeona mkono wa Mungu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mazoezi. Mwalimu Bahizi amerudi na udongo wa Kanama kwenye viatu. Nimemwambia mashine ilipata homa, majina yakapotea, ila mi nakumbuka vizuri kwamba solo ilikuwa ya Mama Keza. Amechomeka diski, amefungua sauti. Mstari wa kwanza, yeye mwenyewe, anaimba kama asali. Mstari wa pili: kwak, kwak, kwak. Halafu yeye tena: amina.

Verediane amekaa chini, amejifunika kitenge usoni, mabega yanacheza. Mwalimu amenigeukia.

“Mama Keza, huyu aliyeingia kwenye wimbo wangu ni nani?”

Nimesema ni Keza. Keza, mgongoni, akakubali: kwak.

Mwalimu akashindwa kukasirika. Mstari wa pili ametuimbia upya kutoka kichwani, mara nyingi, mpaka nikaushika. Solo ni ya Verediane. Nimeimba na wengine, huku nimenuna.

Jumapili, 12 Oktoba

Verediane ameanza vizuri. Naandika hivyo juu hakuna anayesoma hapa. Amefika mstari wa pili, kanisa lote limetulia, na Keza kwenye mapaja ya Narcisse akamwitikia: kwak. Verediane alibana midomo asicheke. Sauti ikakatika. Mwalimu Bahizi akageuka mweupe kama chokaa.

Nikauchukua mstari. Sikupanga. Niliuimba kama ninavyomwimbia Keza akikataa kulala, mpaka amina, na Narcisse akasimama peke yake, kanisa zima likiwa limekaa.

Nje Verediane amenikumbatia. “Umeniokoa, mwenzangu. Ila yule bata wako mfunge kamba.”

Jumatatu, 13 Oktoba

Mwalimu ameniachia tena kompyuta, na ile diski, nirudishe nyimbo mahali pake. Kuniamini hivi, baada ya yote! Keza amelala. Nimechomeka diski. Kuna dirisha linauliza, lakini mi si yule wa juzi, sasa nasoma kwanza. Si formater. Formater ningeikataa mara moja. Ni neno lingine kabisa: Initialiser le disque? Hili nalijua, ni initiales, herufi za mwanzo za jina. Inataka kujua diski ni ya nani. Haimtaji Verediane popote. Chini, ile sentensi ndefu ya salamu. Narcisse ananiita kutoka uani, eti Keza ameamka na ameshika kuku wa jirani kwa mkia. Naja, baba Keza, naja, nabonyeza tu Oui halafu nita