Nilivyokimbilia Sura ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoroka nyumbani! Kwa ruhusa, lakini nimetoroka.

Mhariri anataka sura ya mwisho ya riwaya yangu ifikapo Ijumaa. Nikichelewa, nafasi katika toleo la mwaka huu anapewa Mama Kamusi. Huyo ni mwenzangu katika kikundi chetu cha waandishi. Hawezi kusema mvua inanyesha bila kutafuta neno ambalo hata mvua yenyewe hailijui. Jana alitutangazia kwamba amejitenga mahali patulivu ili aandike. Akatuma na picha: meza, kalamu, dirisha, mti. Niliikuza picha nzima nikitafuta hata kiatu kimoja cha mtoto. Wapi!

Shujaa wangu mimi amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, tangu mtoto wangu mdogo hana jino. Sasa ana manne. Na anauma.

Basi nami nimejitenga. Nimechukua likizo pale dukani ninapofanya kazi ya kutoa nakala. Baba watoto, fundi umeme, mtu mpole, amekubali kubaki na watoto, mama yake atamsaidia. Nguo nimezipakia katika begi nililokwenda nalo kujifungua, maana sina jingine. Binti yangu mkubwa aliliona, akauliza kama nakwenda kuleta mtoto mwingine. Nikasema hapana. Akasema afadhali.

Nimefikia kwa shangazi, dada yake marehemu baba. Ni fundi cherehani, chumba chake cha uani hakina mtu. Nilitaka kumweleza habari za sura ya mwisho. Sikupata nafasi. Alilitazama begi. Akanitazama mimi: macho mekundu (usingizi!), vifungo vya blauzi vimekwenda kombo (haraka!). Akafunga mlango, akashusha sauti, akauliza: huyo mwanamume amekufanya nini?

Nilifungua mdomo nikanushe. Kisha nikafikiri. Mpwa aliyekuja kuandika ataambiwa hebu nioshee hivi vyombo, hebu nishikie huu upindo. Mke aliyeonewa huachwa apumzike.

Nikafunga mdomo. Nikainamisha kichwa. Uongo sijasema hata mmoja. Kichwa kimejisemea chenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Mpango unakwenda kama siagi juani! Chai nimeletewa kitandani. Vyombo sikugusa. Shangazi amewakataza watu wote kunisumbua, akasema niacheni, mtoto ana donda moyoni.

Nimekaa mezani kati ya magauni ya harusi ya wateja na lile sanamu lisilo na kichwa la kupimia nguo. Kimya. Kalamu mkononi. Nikaandika: "Alifungua mlango."

Ndipo mtoto wa jirani akalia.

Maziwa hayajui likizo. Blauzi ililowa mpaka kiunoni. Nikabadili. Akalia tena. Nikabadili tena. Blauzi zikaisha. Sura ya mwisho nimeiandika nimevaa gauni la mtu la kusimamia harusi, la zambarau, lenye maua mabegani. Nasema nimeiandika. Nimeandika sentensi ile moja, kisha nikawaza kama mwanangu amekula, kisha nikalala juu ya karatasi.

Shangazi aliingia, akanikuta nimelala na karatasi imelowa. Akadhani machozi. Akatoka kwa kunyata. Akarudi na mto.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe mke aliyeonewa haachwi apumzike. Huo ni uzushi wa watu wasiowahi kuonewa.

Wateja wa shangazi wamepata habari. Asubuhi aliingia mama mmoja aliyekuja kupunguza sketi. Akakaa kitandani pangu, akasema usilie mwanangu, wako nafuu, hebu sikia ya kwangu. Ya kwake ilianzia kwenye uchumba. Akaingia wa pili, akasema hayo ya mwenzake ni mchezo wa watoto. Wa tatu alikuja na kiti chake kabisa! Hakuwa hata na nguo ya kushona.

Nilipojaribu kushika kalamu waliipokea kwa huruma, wakasema usiandike sasa, usije ukaandika kwa hasira mambo ambayo hakimu atayasoma.

Mama Kamusi ametuma picha nyingine. Mti uleule, kivuli kimehama. Kaandika kwamba amemaliza, sasa anapalilia lugha. Apalilie! Aote jembe mkononi!

Alasiri shangazi akaja na sura ya ushindi. Amempigia simu mama mkwe wangu. Amemwambia yote. Yote yapi? Sijamwambia lolote! Amesema nilivyonyamaza imetosha, kimya kingi kina mshindo. Kesho kuna kikao.

Nimempigia baba watoto nimtahadharishe. Kapokea binti yangu. Kasema baba yuko juu ya dari anatengeneza waya, bibi analia, na mtoto amemeza kifungo ila wamekiona tena. Akakata.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao. Nimechoka hata kukiandika, lakini nitaandika. Hiki kwa bahati mbaya kinaandikika.

Walikuja: mama mkwe, mtoto mgongoni, mjomba wa mume wangu (ndiye mzee tunayemwita Polepole, kwa sababu hajawahi kumaliza jambo siku lilipoanza), na baba watoto mwenyewe na nguo zake za kazi, bisibisi mfukoni. Yeye anajua nilikuja kuandika. Hajui kwamba ameniumiza moyo. Nilimkonyeza. Mtoto aliponiona alinirukia, akang'ang'ania nyonyo kwa meno yake yote manne. Machozi yakanitoka kweli. Shangazi akamwambia mjomba: si unaona mwenyewe?

Mjomba akamuuliza mpwa wake, wewe umemfanya nini mwenzako.

Mume wangu akanitazama. Nikakonyeza tena. Maskini, mtu mwema hana maswali. Akapiga goti, akasema nimekosa.

Ningeweza kusema ukweli hapo. Lakini shangazi alikuwa amenipikia siku tatu. Na niliona kikao kinaisha mapema, nirudi mezani.

Mjomba akasema polepole. Kosa lisilo na jina halisameheki. Umekosa nini?

Baba watoto akasema, yote. Mama mkwe akamwambia, yote ni ya mlevi, wewe hunywi, taja moja. Akafikiri. Akajikuna kwa bisibisi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo, kwamba mtoto akilia usiku yeye huwa anajifanya amelala.

Anajifanya!

Miaka yote nimemhurumia. Nimejiambia, mwenzangu fundi, anapanda ngazi, akilala amekufa. Nimenyata gizani nisimwamshe, nikajigonga kidole cha mguu, nikameza kilio! Nikamuuliza, tangu lini? Akasema tangu huyu. Nikamkazia macho. Akasema, tangu dada yake.

Na ule mkoromo? Akasema ule wa kuongezea tu.

Nilisimama na mtoto wangu kifuani, nikasema sirudi! Safari hii kweli! Shangazi akashangaa kwamba kumbe mara ya kwanza haikuwa kweli, lakini mama mkwe alikuwa ameshaanza kumfokea mwanawe, akisema na baba yako alikuwa hivyohivyo, nikafikiri ni usingizi, nikamzika nikifikiri ni usingizi!

Baba watoto alinitazama, macho yamejaa maji, akasema alikuwa akiogopa kumbeba mtoto gizani, asije akamwangusha. Mara ya kwanza aliniachia mimi. Baadaye akaona haya kuanza.

Mtu anayeshika waya wa umeme kwa mikono mitupu! Nikakaa. Hasira ilinitoka yote, nikajaribu kuizuia hata robo yake, ikakataa. Nikamwambia aje amshike mtoto. Akamshika. Hakumwangusha.

Mjomba akahukumu, na safari hii, mzee wa watu, siku ileile: usiku ni zamu ya baba. Wote wakaitikia. Halafu akasema, mama chukua begi lako, twende. Nikasema jamani, bado nina kinyongo kidogo, nibakie hata hadi kesho. Shangazi akasema mke aliyepatanishwa halali nje, kinyongo utakimalizia kwako. Akanikunjia blauzi zangu yeye mwenyewe.

Ningekaza hasira, ningebaki na chumba. Ndivyo huruma inavyoua fasihi.

Ijumaa, 7 Machi

Usiku baba watoto aliamka kila mara. Kila mara aliniamsha kuniambia kwamba ameamka.

Asubuhi nilikaa mezani. Binti akataka nimwandikie na yeye kitabu. Nikasema baadaye, mama ana kazi, na nikisema baadaye ni baadaye. Akakaa chini ya meza kungoja hiyo baadaye. Akaniegemea mguu, akalala. Sikuweza kusogea. Nikalala pia.

Mhariri amenipigia. Nafasi imekwenda kwa Mama Kamusi. Nilisema vizuri, anastahili, kisha nikaenda chooni nikafunga mlango, nikalia machozi ambayo shangazi angeyaonea fahari. Mhariri amesema iko nafasi nyingine, ya mwisho kabisa, mwisho wa mwezi huu.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Sasa nimeliona kosa langu. Kosa si kudanganya. Kosa ni kwamba nilikimbia mimi.

Anayekimbia ndiye anayefuatwa na vikao. Anayebaki, anabaki na nyumba! Kwa hiyo safari hii akimbie baba watoto, aende kwa mama yake, awachukue na watoto wote wawili. Kule watakaa kwenye vikao, wataahirisha, mjomba atasema polepole. Mimi huku meza, kalamu, dirisha.

Shida ni moja: anahitaji sababu. Hanigombezi, hanichoki. Lazima nimchokoze mwenyewe, kidogo kidogo, kwa upendo.

Asubuhi nimeanza. Chai yake nimeitia chumvi badala ya sukari, vijiko viwili. Nikakaa pembeni kungoja ugomvi.

Amekunywa yote. Akanibusu kichwani, akasema pole, naona umechoka sana.

Kesho natia vinne.