Viti Vimebaki Vitatu

Profesa Bando hakuwa profesa, na hilo bando lenyewe la intaneti alikuwa anaomba kwa watu. Jina alipewa na mtaa, maana hakuna alichoongea bila kuanza na "nimeona mtandaoni," na mtandaoni kwenyewe hakufiki mpaka asimame karibu na mtu mwenye bando lake. Ndiyo maana siku ile alikuwa amejiegemeza kwenye mlango wa saluni, kajipulizia manukato mpaka nzi wanahama, eti amepita kusalimia tu.

Msusi alikuwa kazini. Mikono kichwani kwa mteja, macho kwenye simu aliyoiegemeza kwa kopo la mafuta ya nywele. Kwenye simu kulikuwa na mzee mwenye mvi anachora mishale ubaoni.

"Tamthilia gani hiyo, mpenzi? Mbona huyo mzee hapigwi wala hapigi mtu busu?"

"Ni chuo kikuu," alisema Msusi. "Cha huko ng'ambo. Mwenzio niko somo la tatu."

"Acha wewe! Ada ulipata wapi?"

"Hakuna ada. Unajiandikisha kwa simu, unasikiliza, unafanya mitihani yao, ukifaulu wanakutumia cheti."

"Bure?"

"Bure kama mvua."

Sasa hapo mtu mwenye nia njema angemshukuru Mungu akajiandikisha. Profesa Bando yeye alishikwa na kizunguzungu. Mali yote ile, imeachwa wazi, haina mlango, haina mlinzi, haina hata mbwa! Iliingia moyoni ikamchoma.

"Ndiyo maana watu hawasomi," alisema taratibu. "Kitu cha bure hakina heshima. Maji ya bomba yanamwagika tu, ya chupa yanawekwa kwenye friji."

Msusi alisimamisha rasta hewani. Alikuwa anamjua. "Unataka kufanya nini?"

"Kuipa elimu heshima yake."

Na msidhani ilikuwa tamaa tupu. Kulikuwa na jambo. Msusi alilelewa na Shangazi yake, na Shangazi alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba amechoka na wanaume wa maneno, maneno hata kasuku anayo. Anayemtaka binti aje na cheti. Profesa Bando alishawahi kwenda, akaeleza kwa huzuni kubwa kwamba cheti chake cha chuo kililiwa na mchwa. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi nenda kaoe mchwa," akachukua ufagio.

Kwa hiyo mpango ulikuwa mmoja: kukusanya chochote kitu, kumchukua Msusi, kuhamia mji mwingine ambako ufagio wa Shangazi haufiki.

"Kila hela nitakayopata nakupa wewe uweke," alimwambia. "Siku ya kuondoka unazibeba tunaenda."

"Sawa," alisema Msusi, kwa upole ambao ungemshtua mtu makini. "Chumba cha nyuma nakupa. Ila kila jioni hayo masomo uyaonyeshe kweli."

"Nitaonyesha! Kwani nani atasikiliza?"

Akaazima tai, akaazima viti vya plastiki, akavuka barabara kwenda kwa Mwenye Bucha.

"Mzee wangu, shikamoo. Chuo kikuu kimefika mtaani. Nimeanzia kwako kwa sababu ya hadhi yako."

Mwenye Bucha alikuwa anapasua mfupa. "Hadhi yangu iko kwenye mizani. Wewe unataka kilo ngapi?"

"Sitaki nyama, mzee. Nimekuja na viti. Mji huu wote umepewa viti vichache sana, na sasa hivi vimebaki vitatu."

Shoka likasimama njiani.

"Vitatu? Vingine kachukua nani?"

"Siruhusiwi kutaja." Profesa Bando akainama, akashusha sauti. "Ila Mzee Simenti ameulizia cha mbele."

Mzee Simenti alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pembeni ya bucha. Yeye na Mwenye Bucha walikuwa hawasalimiani tangu mmoja alipojenga kibaraza kikaziba kibao cha duka la mwenzake. Mwenye Bucha alinunua kiti cha mbele papo hapo, akanunua na cha pembeni yake, si cha kukalia, bali ili mtu asikae.

Dakika chache baadaye Mzee Simenti naye akaambiwa vimebaki vitatu, na kwamba Mwenye Bucha ameshachukua cha mbele.

"Basi mimi weka mbele ya mbele," alisema Mzee Simenti.

Wakaendelea hivyo, huyu akisogeza, yule akisogeza, mpaka siku ya kwanza ya darasa safu ya mbele ilikuwa imeufikia ukuta na magoti ya Mzee Simenti yanaugusa. Wengine wakajaa nyuma: fundi cherehani, muuza viatu, mama mwenye nyumba. Kila mmoja alikuwa amekamata kiti cha mwisho mwisho. Na hapa lazima tumtendee haki mtu huyu: hakusema uongo kuhusu ada. Aliwaambia kwa sauti, "Elimu ni bure. Kiti ndicho unalipia." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Walisema huyu kijana mkweli.

Jioni za kwanza zilikuwa raha tupu. Mhadhiri wa ng'ambo aliongea kimombo kirefu, Profesa Bando akatafsiri.

"Anasema nini?" aliuliza fundi cherehani baada ya dakika kumi za mishale.

"Anasema maisha ni safari."

"Maneno yote yale?"

"Anasema ni safari ndefu."

Mkosi ulianzia buchani. Mwenye Bucha alimvuta nyuma ya zile ndoano za nyama, akamwambia yeye ni mtu wa shughuli, mitihani hana muda nayo. "Ifanye wewe, kwa jina langu. Mimi nataka kile cheti."

"Cha nini, mzee?"

"Nina mahali pa kukipeleka. Chukua hii, usiulize."

Profesa Bando akachukua, hakuuliza. Akafanya mtihani wa kwanza kwa kubahatisha, kama mtu anayechagua nyanya gizani. Kesho yake asubuhi Mwenye Bucha alimfuata saluni na aproni yake ya damu, simu mkononi, wateja wakaruka kwenye viti.

"Wameniandikia sijafaulu! Mimi! Na nimelipa!"

"Mzee, utakuwa mtandao."

"Mtandao umejuaje kama sijui?"

Ikabidi Profesa Bando afanye jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe: asikilize darasani. Somo lilihusu jinsi watu wanavyofanya maamuzi. Alikaa na kalamu, akirudisha nyuma, akirudisha tena, akimuuliza Msusi maneno magumu, na Msusi anamjibu huku anasuka, wala hageuki.

Halafu likamkuta janga kubwa. Akalipenda lile somo.

Jamani, alilipenda! Ujanja wake wote aliuona mle ndani, umechorewa michoro na kupewa majina. Kumbe ile ya kumwambia mtu jirani yako ameshachukua ina sababu yake. Kumbe kuna watu walikaa maabara wakaipima! Akawa anatembea barabarani anaongea peke yake, anamsimamisha muuza viatu kumweleza kwa nini viatu vya dirishani vinatoka haraka. Kule darasani akaanza kutafsiri kweli, mpaka fundi cherehani akalalamika kwamba ile safari ilikuwa rahisi zaidi. Mitihani yote iliyobaki aliifyeka. Cheti kikaja, kizuri, kina muhuri wa dhahabu, na katikati yake jina la Mwenye Bucha kwa herufi za kuringa. Profesa Bando alikiangalia, kikamkata mahali fulani kifuani. Akadhani ni njaa.

"Jumamosi vaa vizuri," Mwenye Bucha akamwambia. "Naenda kuposa. Wewe utakuwa shahidi wa usomi wangu. Mshenga ni Mzee Simenti."

"Mzee Simenti? Si hamsalimiani?"

"Ah, yale ya zamani. Ukikaa na mtu goti kwa goti mnautazama ukuta, ugomvi unakosa pa kukaa."

Jumamosi wakaenda, watatu, wamenyooka kama misumari. Walipokata kona ya kwanza Profesa Bando alikuwa anapiga mluzi. Kona ya pili mluzi ukapungua. Ya tatu ukakata kabisa, maana mbele yao kulikuwa na geti la bluu, na nyuma ya geti lile kulikuwa na ufagio anaoujua kwa mgongo.

Shangazi aliwakaribisha sebuleni. Akavaa miwani, akakisoma cheti mbele na nyuma. Msusi akaingia na sinia la chai, akamwona Profesa Bando pembeni ya wageni, wala hakumwaga hata tone.

"Karibuni wageni," alisema. "Na wewe, mwenye mchwa."

"Alama zote hizi!" Shangazi alisema. "Hongera, baba. Cheti nimekiona. Sasa nieleze, ulisoma nini humo?"

Mwenye Bucha akakohoa. "Maamuzi."

"Maamuzi yapi?"

"Yale ya... kuamua."

"Nipe mfano."

"Kwa mfano, mtu yuko hapo. Anaamua." Jasho lilikuwa linamtoka. "Halafu basi."

Profesa Bando aliuma ulimi. Akinyamaza, akiba yote iko salama kwa Msusi, lakini Msusi mwenyewe anaondoka na mtu wa kilo. Akisema, anajianika. Alihesabu hasara, akapima, akaamua kunyamaza, na pengine angefaulu. Ila Mwenye Bucha akaongeza, "Kwa kifupi, anasema maisha ni safari," na hapo mwanafunzi bora aliyekuwa ndani ya yule tapeli akashindwa kuvumilia.

"Si hivyo!" Akasimama. "Shangazi, siyo hivyo kabisa! Ni hivi. Mtu hapimi kitu kwa faida yake. Anakipima kwa hofu ya kukikosa! Ukimwonyesha ghala zima, anapita. Mwambie kimebaki kidogo, na jirani yake ameshachukua, akili inatoka kichwani inashuka mfukoni. Hata kama hicho kitu ni bure na hakimaliziki! Chukua viti vya plastiki. Mwambie vimebaki vitatu tu, uone..."

Uso wake uliwaka kwa furaha ya elimu. Kisha ukazimika.

Mzee Simenti aliweka kikombe chini polepole.

"Vimebaki vingapi?"

Ikawa vurugu. Mwenye Bucha anataka kujua hatima ya kile kiti alicholipia mtu asikae, Mzee Simenti anaonyesha magoti yake yalivyochubuka. Shangazi alipiga meza.

"Kwa hiyo huu usomi ni wa nani?"

"Wangu, Shangazi! Kila swali!"

"Cheti kina jina lako?"

"...Hapana."

"Huyu ana jina hana elimu, huyu ana elimu hana jina. Mngekuwa mtu mmoja ningewafikiria. Hela za watu ziko wapi?"

Profesa Bando alimkonyeza Msusi kwa nguvu zake zote: kimbia! Msusi akaweka sinia mezani.

"Ziko saluni. Twendeni mkazione."

Walipofika akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Ukutani kulikuwa na skrini pana inang'aa. Kulikuwa na kisanduku cha intaneti kinakonyeza kijani, viti vipya vyenye mito, na pembeni ya skrini vyeti vimepangwa vizuri, vyote vina jina la Msusi. Shangazi alivua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Hela zenu hizo," alisema Msusi. "Zinawaka. Mlilipia viti, viti vyenu vipo, na kuanzia kesho ninayefundisha ni mimi."

"Tulisema unazibeba tunaondoka!" Profesa Bando alinong'ona.

"Nimezibeba. Nimefika nazo hapa."

Mzee Simenti akabonyeza mto wa kiti cha mbele. "Huu wangu?"

"Wako, mzee. Na nimekutenga na ukuta."

"Usiwe mnene kuliko wangu tu," alisema Mwenye Bucha, akakaa kujaribu. Ile posa hakuitaja tena. Cheti siku hizi kinaning'inia juu ya mizani, na nyama imepanda bei.

Profesa Bando akabaki mlangoni, pale pale alipoanzia.

"Na mimi je?"

Msusi alimtazama, na safari hii kicheko kilimponyoka. "Lete cheti chenye jina lako. Kimoja tu. Shangazi tutamwendea pamoja."

"Basi niandikishe! Si bure?"

"Elimu ni bure. Kiti ndicho unalipia."

"Lakini mimi sina kitu, vyote ulichukua..."

"Wahi ukatafute," alisema Msusi. "Vimebaki vitatu."

Alijua. Alijua linaitwaje jambo hilo, alijua na mchoro wake, na kwenye mtihani swali hilo alilipata. Zaidi ya hayo, nusu ya viti vile ilikuwa wazi, anaiona kwa macho yake mawili.

Akatoka mbio, tai ya kuazima imemrukia begani, asije akarudi akakuta vimebaki viwili.