Mwizi wa Kwenye Sinema

Aliyeleta balaa asubuhi hiyo ni Gazeti, jamaa asiyeweza kumeza kahawa bila kuwasomea wenzake habari. Walikuwa kaunta kwa Mama Bronia, mgahawa wa kona mtaa wa Wapolandi, Chicago. Gazeti akasoma kwamba sinema ya jirani imeongeza wiki nyingine ile filamu ya jambazi aliyetoka jela, akataka kuishi kwa jasho lake, genge lake likamfuata, akaishia kupigwa risasi kwenye mvua huku mchumba analia.

Lotar alijikunyata kitini. Wao walimwita Kitasa, kwa kuwa enzi zake alifungua masefu ya watu. Siku nyingine habari ile isingemuuma. Lakini alikuwa ameomba kazi ya kupika zamu ya usiku hapo hapo, maana yake akabidhiwe funguo, na Mama Bronia alimwambia aje leo achukue jibu. Asipopata kazi wiki hii, ofisa anayemsimamia tangu atoke jela anamrudisha ndani.

Mada akaidaka Askofu, ambaye kanisa hana ila mahubiri anayo. Akasema mwizi ni mwizi tu, mvalishe hata suti, na filamu imelionyesha hilo peupe. Gazeti akabisha: yule kauawa na watengeneza filamu, kwa sababu siku hizi wakaguzi wa filamu hawawaruhusu kumwacha mhalifu azeeke kwa raha. Askofu akacheka mpaka mkate ukampalia.

"Kitasa, ndugu yangu, sikusemi wewe," alisema, macho kamkazia yeye tu. "Nasema watu wa aina yako."

"Nimekusikia, Baba Askofu. Ahsante kwa kunitenga."

Mama Bronia alikuwa akifuta kaunta pale pale kwa muda mrefu. Lotar akaingiwa na hofu, akaona kazi ndiyo hiyo inaota mbawa.

Askofu akapata moto. Akaigiza risasi, akaigiza mchumba, akaonyesha hadi jambazi alivyoshika sigara. Gazeti akauliza kayajuaje yote hayo.

"Nimeiona mara tatu."

"Wewe? Hata soksi unanunuliwa na mkeo."

"Kwani nani kakwambia nalipa? Mlango wa nyuma komeo lake bovu. Unausukuma kwa bega, unaingia gizani, unakaa zako. Kila mtu anafanya hivyo."

Gazeti akamgeukia Lotar taratibu. "Na wewe Kitasa uliiona. Uliingilia wapi?"

"Dirishani."

"Mnamwona?" Askofu alipiga kaunta. "Nimesema mimi."

"Nilipitia dirishani," Lotar alisema, "kukata tiketi."

Mama Bronia akaweka kitambaa chini. Akatoa funguo kwenye aproni, akazisukuma mpaka zikagusa kikombe cha Lotar.

"Unaanza leo," akamwambia. "Na kabla hujafunga, hakikisha Askofu ametoka."