Little Stint ya Ziwani

Jumatatu, 3 Februari 2025

Tangazo kwenye ubao wa ofisi moja hapa Lodwar. Watafiti wanahitaji mkalimani: "little stint, Lake Turkana". Little ni kidogo. Stint ni muda wa kufanya kazi mahali. Kuna afisa hapa anayejigamba kwa stint yake ya Katilu. Kazi kidogo, tena karibu na maji! Nimelibandua, nikalitia mfukoni. Mwingine hataliona.

Jumanne, 4 Februari

Nyibol ameshaliona. Huyu ni mwalimu wa Kiingereza kambini Kakuma, yule aliyenisahihisha harusini nikiwa bado nimeshika maikrofoni. Nikampigia simu. Nikamsalimia kwa Kiturkana, "Ejok, mwalimu," nikamwambia intaviu ya kesho imehamia Lokiriama, mbali huko mpakani na Uganda. Akanishukuru sana. Roho ilinisuta kama dakika mbili hivi.

Jumatano, 5 Februari

Nimefika kwenye intaviu, nikamkuta Nyibol mlangoni. Kumbe alipiga simu ofisini kuhakikisha. Akanisalimia kwa heshima zote. Afadhali angenitukana.

Daktari Akeno, mkuu wa utafiti, akaniuliza uzoefu wangu na little stint. Nikajibu ninazo nyingi, ya mwisho Katilu, wiki mbili, na bosi aliridhika.

Akauliza ilikuwa na miguu ya rangi gani.

Miguu! Nikasema kahawia, kwa ajili ya vumbi.

Nyibol akaulizwa hilohilo. Myeusi, akasema. Ni ndege mdogo wa ufukweni, hutoka kaskazini ya mbali akikimbia baridi. Asili ya jina lake haijulikani vizuri. Ila stint ya kazi, na ile ya kubania watu chakula, zilitokana na neno la kale la kufanya kitu butu, ndugu wa neno lililomaanisha mpumbavu. Alipofika hapo, yeye na Daktari wakatazama dirishani.

Alhamisi, 6 Februari

Kazi kapata yeye. Mimi nitabeba darubini. Nyibol ndiye aliyeniombea. Nilimuuliza kwa nini.

"Ndugu Esekon, kama hujui, sema hujui. Hakuna atakayekufukuza."

Nimeona haya kweli. Nimeapa kubadilika.

Ijumaa, 7 Februari

Tumeshinda ziwani. Hao stint ni wadogo kama ngumi ya mtoto, na wanakimbia kama waliochelewa kanisani. Jioni Daktari akatangaza kwamba kesho ni zamu ya ruff. Nyibol akaanza kunieleza kuwa huyo pia ni ndege, nikamkatiza. Rafu mimi naijua tangu utotoni, ni barabara mbovu. Nimeshamwagiza dereva atafute tairi mbili za akiba.